Programu Ndogo Nilizomwekea Dada

Hapa Mpanda, kompyuta ikiwashinda wengine huletwa kwangu. Nasema hivyo nikijua wapo watakaonuna, na wanune tu. Niliondoka mji huu kwa treni, behewa la daraja la tatu, nikiwa na begi la nailoni na vyeti vya sekondari. Sikuwa na mjomba Dar es Salaam wala mfadhili. Nilifanya vibarua mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya kompyuta, nikafanya kazi katika ofisi za watu, kisha nikarudi kwa hiari yangu. Wengi wanaosema wamerudi nyumbani, ukiwachunguza, ni mji uliowatapika. Mimi nilirudi na kompyuta zangu, printa na mashine ya fotokopi, nikapanga chumba karibu na soko, nikaitundika diploma ukutani, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kuikwepa.

Siri ya kazi yangu ilikuwa kwenye flashi. Mafundi wengine wakiletewa kompyuta iliyochoka humwambia mwenyewe anunue mpya. Mimi nilichomeka flashi ile na kuanza kupunguza mzigo. Ilijaa programu ndogo ndogo, nyingi za bure, zilizoandikwa na watu wa mbali ambao walichoshwa na kero moja wakatengeneza dawa ya kero hiyo moja tu. Ipo inayoichora diski nzima kwa miraba ya rangi, ukaona kwa jicho kwamba video za harusi ya shemeji zimekalia shamba kubwa kuliko kazi zako zote za ofisini. Ipo inayopata faili kabla hujamaliza kuandika jina lake. Ipo inayozipa picha zote za mahafali majina mapya kwa mkupuo mmoja. Ipo inayokumbuka kila kitu ulichonakili tangu asubuhi, hata ulichokwisha sahau mwenyewe. Mwalimu mmoja wa sekondari, nilipomwekea hiyo ya mwisho, alinishika mkono akasema, "Kumbe miaka yote nilikuwa naendesha gari kwa gia ya kwanza." Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonikaa vizuri kama hiyo.

Dada yangu ndiye aliyekuwa mchapaji wangu. Tumezaliwa Usevya, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho, na katikati yetu wapo waliokufa wadogo. Alijifunza kuchapa kwa taipureta, zile za chuma zinazogonga kama mtu anapigilia misumari, akafanya kazi ofisini kwa watu mpaka akastaafu. Kwa vidole vyote kumi, bila kuangalia chini. Vijana walikuja dukani kwangu kufotokopi vitambulisho wakasahau kilichowaleta, wakabaki kumtazama mikono. Nilimwambia aache kukaa nyumbani akihesabu kuku, aje kwangu. Akaja na mto wake wa kukalia na kikombe chake cha chai, akachagua meza ya karibu na dirisha, na ikawa meza yake.

Kazi yake kubwa ilikuwa wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Kabla ya kwenda makaburini lazima asimame mtu asome alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, alianza kuugua lini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Wanandugu huandika kwa biki msibani, juu ya magoti, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, kisha mmoja hutumwa mjini mbio ichapwe, iwekwe picha juu, itolewe nakala. Anafika hajalala, macho mekundu, na nje bodaboda inamngoja. Kazi hiyo haitaki mtu wa kupapasa. Dada alikuwa anaimaliza wakati mteja bado anajifuta jasho, na alikuwa na namna ya kusema "Pole, mwanangu" ambayo sikuweza kuiga.

Kisha akaanza kugonga mlango kwa bega. Akawa anamwaga chai pembeni mwa kikombe. Nilimpeleka mpaka hospitali ya rufaa, safari ya basi ya kutwa nzima, na daktari akasema ni presha ya macho. Akatueleza kwamba uono unaliwa kuanzia pembeni kwenda katikati, kwamba matone yanaweza kuchelewesha, lakini kilichokwisha liwa hakirudi. Kwenye basi la kurudi dada alikaa dirishani, uso kaugeuzia nje, na nilijua kwamba haangalii chochote. Tulipokaribia Mpanda akasema jambo moja tu.

"Mdogo wangu, usije ukaniondoa kwenye kile kiti."

"Nani amesema nakuondoa?"

"Nasema tu. Nikikaa nyumbani nitakuwa mzigo. Pale nikikaa ni mtu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwamba ana bahati ndugu yake si fundi wa kubahatisha. Na sikuwa natania. Kesho yake nilianza.

Nilimwekea kwanza kioo cha kukuza, programu inayofuata mahali mausi inapokwenda na kuzifanya herufi kuwa kubwa kama matofali. Nikageuza rangi, maandishi ya njano juu ya weusi, kwa sababu nilisoma kwamba macho ya namna yake hupumzika hivyo. Nikanenepesha mshale wa mausi na kuuzungushia duara linalowaka. Nikaweka programu inayotoa mlio kila herufi kubwa ikiwashwa kwa bahati mbaya. Nikaweka sauti inayosoma kilichoandikwa. Hiyo ilituvunja mbavu, maana haikujua Kiswahili. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Kizungu, ikisoma majina ya vijiji vyetu kama anayetafuna viazi vya moto. Dada alivaa spika za masikioni, akasikiliza wasifu mzima, akazivua, akasema, "Huyu mama amezika watu wengi leo na hakuna hata mmoja anayemjua."

Iliyonipa fahari zaidi ilikuwa programu ya vifupisho. Unaifundisha kwamba ukigonga herufi tatu fulani, yenyewe imwage sentensi nzima. Nilikaa nayo mpaka nikaijaza lugha yote ya misiba: alizaliwa katika kijiji cha, alibatizwa, alifunga ndoa takatifu, aliugua kwa muda mfupi. Kisha nikaongeza jambo ambalo fundi mwingine wa hapa asingelifikiria. Dada akianza kazi mpya kinatokea kidirisha kinachouliza jina la marehemu. Analiandika mara moja tu, na jina linajaa lenyewe kila mahali panapotakiwa, kichwani, katikati, mpaka kwenye mstari wa mwisho wa kumwombea.

"Na hiki nacho kinafanya nini, mdogo wangu?" aliniuliza kila nilipochomeka flashi.

Nami nilimweleza. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, akajaribu mara mbili tatu, akasema, "Haya. Kizuri." Kazi haikupungua kasi. Wateja wakaanza hata kumsifu zaidi, kwa sababu alikuja na utaratibu mpya: hakuichukua tena karatasi mkononi. Alimwambia mteja, "Nisomee mwenyewe taratibu, nisije nikakosea maneno yenu." Watu walisoma, wakafika mahali wakalia, akawangoja, wakaendelea. Nikaona ni huduma ya hali ya juu. Niliwasimulia hata wenzangu wenye maduka, niliwaambia ndiyo maana misiba yote inakuja kwangu.

Siku yenyewe sikuwapo dukani. Nilikuwa nimeitwa shule moja ambako kompyuta zao zote ziligoma kuwaka. Yaliyotokea dada alinisimulia baadaye, neno kwa neno, na yule mama aliyetumwa akayathibitisha.

Alikuwa mkamwana wa familia moja ya Kisukuma ya Mwamkulu, familia ya ndugu wawili wazee waliokuwa wakiendesha pamoja mashine ya kukoboa mpunga. Wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta jeneza na wengine wanachimba, kwa hiyo karatasi akapewa yeye. Alisoma vizuri, taratibu, kama alivyoombwa. Kijiji. Mwaka. Kanisa. Ila kidirisha kilipouliza jina na dada akamwambia alitaje, alilionyesha kwa kidole.

"Limeandikwa hapa juu, mama."

"Nitajie tu, mwanangu."

"Ni baba mkwe wangu, mama. Nitamtajaje?"

Dada hakuhitaji kuelezwa. Kwa Wasukuma, na kwa wengi wengine huku, mke wa mtoto halitamki jina la baba wa mumewe, akiwa hai au akiwa amelala mbele yake. Wapo wanaokwepa hata neno linalofanana nalo. Karatasi ndiyo iliyokuwa imewaokoa wanawake wa namna hiyo miaka yote. Anaisukuma mbele, wewe unasoma, hakuna aliyevunja heshima ya mtu. Yule mama akaisukuma.

"Litazame tu, hilo hapo. Nimeweka kidole."

Dada akainama juu ya kidole. Kisha akauliza, "Si mzee wa mashine, pale Mwamkulu?"

"Ndiye, mama."

Mji mzima ulijua kwamba katika wale ndugu wawili, mdogo ndiye mgonjwa. Alikuwa amekonda, anaonekana hospitali kila mara, watu walikuwa wanasubiri habari za kifo chake. Kaka yake alikuwa mtu wa nguvu, anabeba magunia. Dada akaandika jina la mgonjwa. Jina likajaa kila mahali, kama nilivyolipanga. Akavaa spika, mwanamke wa Kizungu akamsomea, na kila kitu kilisikika sawa, kwa sababu hakuna pahali palipopingana na pengine. Printa ikatoa nakala, zikaingia kwenye bahasha, mkamwana akapanda bodaboda bila kuzitazama.

Siku mbili baadaye nilikuwa mezani kwangu, nafungua laptopu ya mtu, mzee mmoja akaingia na fimbo, kavaa koti zito kwenye joto. Nyuma yake mwanamke kajitanda kitenge, kainamisha uso. Dukani kulikuwa na wateja wawili watatu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Hamniogopi?"

"Tukuogope nini, mzee?"

"Juzi mlinizika." Akaitua bahasha kwenye kaunta. "Nimekuja niwaonyeshe maiti yenu. Inatembea, ila miguu inauma."

Mteja mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Mzee hakupandisha sauti. Alieleza kama anayetoa taarifa ya safari. Kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya jeneza la kaka yake. Kwamba aliyesimama kusoma alikuwa mwinjilisti mgeni, kahamishiwa kwao juzijuzi, asiyejua majina yao ya ubatizo. Kwamba alijisikia akizaliwa, akabatizwa, akaoa mke wa kaka yake, akaugua kwa muda mfupi, akafa.

"Nikasema labda nimesikia vibaya, ni homa. Jamaa akaendelea. Jina langu, jina langu, jina langu. Wanawake wakaanza kupiga kelele. Kuna mmoja alikimbia. Mpaka tunamfukia kaka yangu, jina lake halikutajwa pale hata mara moja. Hata mara moja, fundi." Akainua macho kwenye ukuta. "Ndiyo wewe mwenye ile diploma?"

"Ndiyo mimi."

"Wanakufundisha kuzika watu walio hai huko?"

Nilichukua karatasi ya biki iliyokuwa ndani ya bahasha. Mwandiko ulikuwa safi, jina kubwa, limepigiwa mstari chini. Mtoto wa darasa la pili angelisoma. Nikageuka.

"Dada, karatasi hii si ulionyeshwa?"

"Nilionyeshwa."

"Sasa?"

Mzee akaichukua karatasi mikononi mwangu, akaizunguka kaunta bila kuomba ruhusa, akainyoosha mbele ya dada. "Hebu nisomee, mama. Isije ikawa sisi ndio tulioandika vibaya."

Dada aliinua mkono kuipokea, na mkono ukapita kando ya karatasi, ukashika hewa, ukarudi, ukapita tena. Kisha akauweka mapajani.

"Sioni, baba," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Mzee akabaki kaishika karatasi. Akamwinamia, akamtazama usoni karibu kabisa, na dada hakurudi nyuma kwa sababu hakujua kwamba kuna uso pale. "Hunioni hata mimi?"

"Nakusikia. Na koti lako linanukia dawa ya kuchua."

"Tangu lini?"

"Karatasi? Tangu mvua za mwaka jana. Kwenye kompyuta niliona kidogo, kama kwa tundu la ufunguo. Sasa hata huko sioni."

Nikahesabu kichwani nilivyomwekea tangu mvua za mwaka jana. Mshale mnene. Duara linalowaka. Rangi ya njano niliyoibadilisha kuwa ya machungwa kidogo, nikamuuliza ipi bora, akaniambia hii. Nikamuuliza mbele ya watu wote, sauti ikinitoka vibaya, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenirudisha nyumbani."

"Ningetafuta programu nyingine!"

"Ndiyo hivyo. Ulikuwa ukinifungulia kitu kipya, unafurahi, nikajua na kesho nakuja tena kazini."

Yule mkamwana alikuwa ameanza kulia kwa sauti ndogo, akisema ni yeye, ni yeye, angelitaja tu angekuwa amekufa kwani? Mzee akamwambia anyamaze, hakuna aliyemlaumu. Akavuta kiti, akakaa karibu na meza ya dada, akiegemea fimbo. Hasira ilikuwa imemtoka na alionekana mgonjwa kuliko alipoingia.

"Haya, mama. Tuandike upya. Tumepanga kurudi kaburini na mwinjilisti, isomwe tena. Mimi nitakutajia. Mimi yule ni kaka yangu, naweza kumtaja."

"Baba, mwachie mdogo wangu achape. Yeye anaona."

"Vidole vyako vina nini?"

"Havina kitu."

"Basi andika."

Kidirisha kikatokea, kikauliza jina. Mkamwana alipoona mzee anafungua kinywa, aliinuka akatoka nje, akasimama jua kali upande wa pili wa barabara, kaupa duka mgongo. Mzee akalitaja. Dada akaligonga, na kibodi ikalia kama mvua fupi juu ya bati. Mzee alisema mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi: kwamba kaka yake alimbeba mgongoni kutoka Ugalla walipokuwa wakihamia huku na ng'ombe, kwamba ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, kwamba walipanga ni nani atakayetangulia kaburini na kaka akavunja mpango. Kwa hayo hakukuwa na kifupisho hata kimoja kilichofaa. Dada aliyachapa yote neno kwa neno, na sikuona kosa la herufi.

Alipomaliza akagonga kitufe, na kwa kuwa spika za masikioni zilikuwa zimechomoka, mwanamke wa Kizungu akaanza kusoma kwa sauti kubwa dukani.

"Nani huyo?" mzee akashtuka.

"Ni kompyuta, baba. Inahakiki."

"Izime. Kaka yangu hamjui huyo." Akanielekezea fimbo. "Soma wewe."

Nikasimama nyuma ya kiti cha dada nikasoma. Nimesoma mbele ya maprofesa bila kutetemeka. Siku hiyo nilipofika kwenye kubebwa mgongoni nilikwama mara mbili, na waliokuwa dukani wakatazama chini.

Walipoondoka dada aliomba nimwonyeshe mahali alipoweka mkoba wake, ingawa ulikuwa mahali pake pa siku zote. Akauvaa begani. Nikamwambia akae, tutapanga vizuri, atachapa kwa kutajiwa na mimi nitakuwa nasoma majina, mbona ni jambo dogo. Akasema, "Na siku usipokuwepo?" Nikasema nitakuwepo. Akasema, "Nimemzika mtu aliye hai na nimemnyima jina aliyekufa. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu, mdogo wangu. Jina." Nikamwitia bajaji. Alipanda kwa kupapasa, bila kuficha tena, na sikuwa nimejua ni kiasi gani alikuwa akificha mpaka nilipomwona ameacha.

Sasa anakaa kwangu. Nilimpelekea kompyuta ile nyumbani na kila kitu nilichoiwekea, nikaiweka mezani karibu na kitanda chake. Hajaigusa. Anasikiliza redio, na yakisomwa matangazo ya vifo huinua mkono sote tunyamaze.

Sijutii programu hata moja. Zilikuwa bora kuliko zote, na hakuna mtu Katavi nzima angempatia dada yake vitu kama vile. Nimetafuta inayosoma mwandiko. Zipo, na nimezijaribu. Chapa ya kitabu zinaisoma bila shida. Biki ya msibani, iliyoandikwa juu ya goti, zinaitoa kama kokoto zilizomwagika. Kila inapotoka mpya huwa naishusha, naipigia picha ile karatasi ya Mwamkulu ambayo mzee aliniachia, naangalia inaliandikaje jina. Imewahi kupata herufi nne. Dada hajaniuliza tena kitu kipya kinafanya nini.